Mapazia ya Kahawia

Swali lililoninyima usingizi usiku wa kuamkia siku ya kujitambulisha kwa wakwe halikuwa kama Robina bado ananipenda, wala kama baba yake atanikubali, mimi Okoth, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kenya. Swali lilikuwa dogo, la kipuuzi, na nililigeuza kichwani mpaka majogoo wakawika: mapazia ya kombi niyafunge au niyaache wazi? Najua mtacheka. Chekeni tu, na afadhali mcheke mapema, kwa sababu huko mbele kuna mahali ambapo kicheko kinakwama kooni, na aibu ninayoisimulia si ile ya kuteleza matopeni mbele ya wasichana (hiyo nayo imenipata, lakini niliisahau kabla matope hayajakauka).

Niwaeleze kwanza habari za kombi yenyewe. Miaka ile ya utawala wa jeshi kila kitu Kampala kilikuwa adimu isipokuwa foleni. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya jiografia na kazi ya ukarani katika ofisi isiyokuwa na karatasi, nikilala kwenye kochi la kaka yangu kule Naguru. Mjomba wangu alikuwa dereva wa hoteli moja iliyokuwa ikipeleka watalii mbugani, na watalii walipoacha kuja na hoteli ikafunga milango, walimpa kombi kuukuu badala ya shukrani, naye akaniachia mimi kwa kuwa hakuwa na petroli ya kuitia. Mtu mwenye akili timamu angeifanya teksi. Mimi nilikumbuka jambo nililoliona utotoni: Mzungu na mkewe walisimamisha kombi yao kando ya uwanja wetu wa mpira pale Nsambya, wakainua paa lake kama kifuniko cha sufuria, na yule mama, akiwa humo humo garini, akakaanga mayai. Ndani ya gari! Harufu ilifika mpaka golini (mimi ndiye nilikuwa kipa, na nawaomba msiniulize matokeo ya mechi ile). Tangu siku hiyo sikuwahi kuiona kombi bila kusikia mafuta yakitatarika kikaangoni.

Wala sikuwa peke yangu. Mjini kulikuwa na watu kadhaa wenye kichaa kama changu, na kila Jumapili baada ya kanisa tulikutana uani kwa fundi Kasongo, Katwe, tukikagua kazi ya kila mmoja kama wanawake wanavyokagua mtoto mchanga: mara tunafungua kabati, mara tunabonyeza godoro, mara mtu analala na viatu vyake kujaribu urefu wa kitanda. Karani mmoja wa benki alikuwa na rafu ya kuwekea santuri. Muuguzi mmoja na mumewe walikuwa na beseni la kunawia lililokuwa limesafiri sana kwenye behewa la treni kabla halijafika kwao, na hakuna aliyewauliza lilishukia kituo gani. Tulikuwa na sababu ya maana pia. Gari likikuharibikia jioni, au kizuizi cha barabarani kikifungwa kabla hujavuka, huna haja ya kwenda kubisha mlango wa mtu anayeogopa kufungua. Unainua paa lako unalala. Lakini tusidanganyane. Tulizipenda tu.

Kasongo alikuwa seremala kutoka Bukavu, mtu aliyejisifu kabla hujamsifu, na alikuwa na haki. Aliniwekea kitanda cha kukunja, kabati za mvule, stovu ya mafuta ya taa iliyobanwa kwa skrubu isirukeruke njiani, na paa la bawaba lililoinuka kwa mkono mmoja. Rangi iliyopatikana Katwe wiki ile ilikuwa moja tu, kijivu cha kiza, basi tukapaka kijivu cha kiza. Nilidhani tumemaliza.

"Patron," Kasongo akaniambia, "gari bila rido ni sanduku tu. Bibi yako atavaa nguo fasi gani?" (Kwa Kiswahili cha kwao rido ni pazia, na fasi ni mahali.)

"Sina bibi bado, fundi."

"Ndiyo maana! Tia rido, utaona atakuja."

Nikatafuta kitambaa, na katika duka moja la zamani Old Kampala nikapata kile kilichokuwa kimebaki rafuni, kizito, cha kahawia, kisichopitisha hata jua la saa sita mchana. Kasongo akashona mapazia ya madirisha yote, mpaka la nyuma.

Na kweli bibi akaja, ingawa si kwa sababu ya rido. Robina alikuwa anafundisha shule ya msingi, na baba yake, Mwalimu Semakula wa Lungujja, alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu aliyewafundisha watu wa kule, kisha watoto wao, hata akipita njiani wazee wenye mvi walikuwa wakificha sigara zao. Mimi nilikuwa sijawahi kuonana naye, wala na mkewe, kwa sababu kwa Waganda huingii nyumbani kwa wakwe kabla ya siku yako. Aliyenijua alikuwa dada wa Mwalimu, Ssenga, yaani shangazi yake Robina, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, kumchunguza kijana na kumpeleka mbele ya wazee. Nilijua Mwalimu atauliza binti yake atakaa wapi, na jibu langu lilikuwa kochi la Naguru. Lakini Robina aliniletea ujumbe ulionifanya nitembee kama mtu aliyeshinda uchaguzi. "Baba amesema uje na hilo gari," alisema. "Anataka kuona gari linalokaanga mayai."

Sasa mnaelewa kwa nini sikulala.

Utaratibu ulikuwa hivi: wazee wangu waje alasiri, wamevaa kanzu, na zawadi zikibebwa mbele. Zawadi zenyewe zilikuwa sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, vitu ambavyo miaka ile mtu akikuona navyo vingi anakuita mlanguzi, na askari wa kizuizini wakiviona hawakuiti chochote, wanavishusha tu. Nikafikiri. Tukienda alasiri na msafara, tutasimamishwa. Basi mimi na rafiki yangu Were (dereva mzuri, mwenye kujua wapi petroli imejificha) tutangulie asubuhi na zawadi ndani ya kombi, wazee waje baadaye mikono mitupu. Nitume mtu awaarifu wakwe kwamba tunakuja mapema? Nikafikiri tena. Habari za sukari hazina siri, zitafika kizuizini kabla yetu. Nisitume. Mapazia yakiwa wazi, sukari itaonekana. Yakifungwa, haitaonekana. Yafungwe. Kulipokucha macho yangu yalikuwa mekundu kama ya mlevi, na mkwe hawezi kuonekana na macho ya mlevi; nikavaa miwani myeusi ya kaka yangu. Kanzu nikaikunja kabatini isichafuke kabla ya alasiri, nikavaa shati la maua, suruali pana chini na viatu vya soli nene, mavazi yangu ya kwenda dansi. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa wa busara. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifikiria kila kitu, nikakifikiria mara mbili, isipokuwa kile ambacho kila mtu mwingine Kampala angekiona kwa jicho moja.

Tukatoka Katwe, uani kwa fundi ilikolala kombi, asubuhi jua likianza kupanda. Wanawake waliokuwa wanapanga nyanya kando ya njia walituona, wakainama na kuanza kuzipanga upya. Mtu wa baiskeli aliingia mtaroni na baiskeli yake, akabaki humo humo akitazama tairi.

"Wanaishangaa," nikamwambia Were.

"Waishangae," alisema Were, "nimeipiga nta jana."

Kizuizini moyo wangu ulianza kupiga kama injini yenye plagi mbovu. Nilikuwa nimetunga maelezo ya aina tatu, moja ya msiba, moja ya harusi na moja ya ugonjwa, na nilikuwa bado nachagua wakati askari alipoitazama kombi, akayatazama mapazia, akanitazama mimi na miwani yangu, akasimama wima na kupiga saluti.

"Pita, afande! Pita, pita!"

Akalisogeza gogo yeye mwenyewe, mbio. Tulipopinda kona Were akapiga usukani kwa kiganja. "Umeona? Hata jeshi linajua kitu kizuri!" Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimempungia yule askari mkono.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya bati, imezungukwa na migomba, na uani wanawake wa jirani walikuwa wamekaa kwenye majani wakimenya matoke ya sherehe, wakizungumza na kucheka. Were, kwa ustadi wake wote, akaigeuza kombi na kurudi nyuma polepole, ili mlango wa nyuma uelekee mlango wa nyumba tushushe sukari bila macho ya watu. Wazo hilo pia lilikuwa langu. Nikashuka. Nikaweka miwani sawa. Nikaufungua mlango wa nyuma.

Mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Visu vilikuwa chini, matoke yamemenywa nusu, sufuria moja inachemka peke yake, na uani hapakuwa na mtu. Ila nilisikia majani ya migomba yakichanika, ch'ra, ch'ra, ch'ra, kama watu wengi wanapasua nguo kwa pamoja, na mbali zaidi mtoto akilia kisha akizibwa mdomo. Nikafikiri labda ni desturi. (Kweli nilifikiri hivyo. Nilifikiri labda kwa Waganda mkwe akija mapema wanawake hujificha.) Basi nikaita, na kwa kuwa hofu inaponishika Kiganda chote hunitoka, niliita kwa Kiswahili, lugha ya kwetu Nsambya, lugha ambayo mama yangu alinibembelezea.

"Hodi! Hodi humu ndani! Mwalimu Semakula yupo?"

Kiswahili, mtaani kwetu, kilikuwa lugha ya jikoni. Lungujja kilikuwa lugha ya askari anayekuamuru ulale kifudifudi.

Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja mnene kidogo, amevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ya kazini, na kabla sijafungua kinywa alikuwa amepiga magoti mbele yangu na kunishika miguu, yote miwili, kwa mikono yenye utomvu wa ndizi.

"Afande, mzee hapana iko," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, machozi yakimtoka. "Mzee nakwenda Masaka. Mzee gonjwa, afande. Mzee hapana jua siasa. Afande, mimi naomba."

Huyo ndiye alikuwa mama yake Robina. Kwa Waganda mkweo wa kike humkaribii. Mkikutana njiani mmoja anaingia migombani, na wanasema ukimgusa utapata maradhi ya kutetemeka mpaka uzeeni. Yangu yalianza palepale. Nilirudi nyuma, naye akaning'ang'ania. Nikasema, "Mama, si mimi," maneno ambayo hata leo sijui yalimaanisha nini. Nikavua miwani, naye akafumba macho, kwa maana watu walikuwa wakisema kwamba wale jamaa ukiwaona uso hawakuachi.

Ndipo nikaelewa. Nilielewa yote kwa mkupuo, tangu nyanya, mtaro, saluti, mpaka mlango wa nyuma uliokuwa wazi mgongoni kwangu na giza la kahawia ndani yake. Kila mtu mjini alizijua gari zile za watu wa usalama, za madirisha yasiyoonyesha ndani, zinazokuja bila taarifa, zinazorudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na vijana wao wa mashati ya maua na miwani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiziona navuka barabara. Lakini kombi yangu nilikuwa naitazama kutoka ndani, kwenye kabati za mvule na kitanda cha kukunja, na sikuwahi hata siku moja kusimama barabarani nikaitazama kama mtu anayejiwa nayo.

Kuna mtu mmoja ambaye hakukimbia. Alitoka taratibu nyuma ya jiko, mwanamke mkavu wa makamo, bado ameshika ndizi mkononi. Jirani zake walimwita Mama Kizito. Hakunitazama. Alinipita, akaenda mpaka kwenye mlango wa nyuma wa kombi, akainua pazia kwa vidole viwili, akaingiza kichwa gizani na kuita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mtoto wa shule, "Kizito? Kizito?"

Mwanawe alikuwa amechukuliwa na gari kama langu, siku za nyuma kidogo. Hilo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilisimama tu, mkwe wangu miguuni, nikimsikiliza akiita ndani ya kabati zangu.

Aliyetuokoa, kama huko ni kuokolewa, ni Ssenga. Alitokea migombani na kisu cha kumenyea, amekwisha kuamua kufa na mtu, akafika hatua chache kutoka kwangu na kusimama.

"Okoth?"

"Ndiyo, Ssenga."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Ssenga."

Akaitazama kombi. Akayatazama mapazia. Akanitazama toka soli nene mpaka kola ya maua. "We mwana wee! Umekuja kuoa au kukamata?" Kisha akalishika pazia la kwanza na kulivuta mpaka likang'oka na fimbo yake, na jua likaingia, na wote tukaona kilichokuwa ndani: mifuko ya sukari, miche ya sabuni, na stovu yenye kikaango kilichong'arishwa.

Kicheko kilianza migombani. Wanawake walirudi mmoja mmoja, majani nywelini, wakishikana mabega, wakicheka kile kicheko cha mtu aliyepewa maisha yake tena, kinachofanana sana na kilio. "Omuko! Kumbe ni mkwe!" Were naye, aliyekuwa amejilaza chini ya usukani, aliinuka akaanza kucheka. Nadhani hata mimi nilicheka. Na tungeishia hapo, ningekuwa nawasimulia leo kisa cha kuchekesha tu, lau mmoja wao asingeuliza, "Mwalimu yuko wapi?"

Walimkuta nyuma ya nyumba, ndani ya shimo wanamoivishia ndizi za pombe, lile linalofunikwa kwa majani. Alikuwa ananyoa ndevu tulipofika, na alikuwa amepita dirishani. Walimtoa akiwa na fulana, nusu ya uso ina povu la sabuni, nusu haina, na jani kavu limenata kwenye povu kama bendera. Nao walikuwa bado wanacheka, walishindwa kujizuia, wanawake aliowafundisha kujumlisha na kutoa, walijaribu kuziba midomo kwa nguo, na kadiri walivyojaribu ndivyo kicheko kilivyowaponyoka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa bado amepiga magoti uani, mahali alipokuwa amemwacha. Kisha akanitazama mimi.

"Kijana," alisema polepole, "umeniona."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sherehe haikufanyika. Were aliwahi kwenda kuwarudisha wazee wangu njiani, akawaambia Mwalimu ameugua ghafla, nao wakarudi na kanzu zao safi. Zawadi Ssenga alinirudishia zote, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya siku ile hakukuwa na jibu la ndiyo wala la hapana. Robina aliniambia, tukikutana kwenye uzio wa shule yake, kwamba baba yake hakai tena barazani jioni, haendi kanisani, anakulia chumbani, na kwamba yeye na mama hawasemezani, si kwa ugomvi, ila kila mmoja anaona haya kumwanza mwenzake. Watoto wa Lungujja walikuwa wamebuni mchezo: mmoja anakuwa gari, anarudi kinyumenyume akinguruma, amejifunika kitenge, na mwingine anaruka shimoni. "Wanagombania kuwa Baba," Robina alisema. "Hawezi kutoka nje bila kuwaona." Kisha akasema, "Hawezi kunitoa kwa mtu aliyemwona vile, Okoth. Si kwamba anakuchukia. Hawezi tu kukaa mbele yako."

Mnanijua. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Nikienda kuomba radhi, ninamkumbusha. Nisipokwenda, namdharau. Nikiandika barua, itasomwa kwa sauti na mtu. Nikijiondoa na kumwacha Robina, watasema hata mkwe alimcheka akaondoka. Nilizunguka hivyo mpaka kaka yangu akatishia kunifukuza kwenye kochi. Na kila nilipokaribia kusinzia nilisikia mikono ile yenye utomvu miguuni mwangu, na sauti inaita kabatini.

Mwishowe ni ule mchezo wa watoto ulionifungua. Niliona kwamba kicheko cha mtaa hakifi kwa kuombwa radhi. Huhama tu, kinapopata kitu kingine cha kukalia. Basi ilinipasa niwape watu wa Lungujja kitu hicho.

Nikaenda Katwe nikamwambia Kasongo ayang'oe mapazia yote, fimbo zake na misumari yake, aweke vioo vitupu.

"Patron, unaharibu kazi yangu!"

"Na kitambaa unishonee aproni."

"Ya bibi?"

"Yangu mimi. Nakwenda kupika kwa wakwe."

Kasongo alikaa juu ya benchi lake la kurandia akacheka mpaka akajifuta macho. "Mwanaume kupikia bamukwe! Hata kwetu hatujaona." Lakini akaishona, yenye mfuko na kamba za kufunga kiunoni, kwa sababu hakuweza kushona kitu kibaya hata akitaka. Siku hiyo niliapa sitatundika pazia tena maishani mwangu, na mpaka leo ukipita kwangu jioni utaniona nikila.

Nikachagua Jumamosi mchana, njia ikiwa imejaa watu. Kizuizini nilimkuta askari yuleyule. Safari hii hakupiga saluti. Alichungulia vioo vitupu, akaona trei ya mayai na chupa ya mafuta ya kupikia, akanishusha, akanifokea, akachukua mayai yake na mche wa sabuni, akanisukuma nirudi garini. Nilikuwa raia kama raia wengine, na ni vigumu kuwaeleza jinsi jambo hilo lilivyonituliza.

Nilisimamisha kombi njiani, mbele ya nyumba ya Mwalimu, ubavu umeelekea baraza. Nikainua paa. Nikafungua milango yote. Nikafunga aproni ya kahawia juu ya shati jeupe, nikawasha stovu, moshi ukanitoa machozi. Walianza watoto. "Omuko anapika! Mkwe anapika!" Wakaacha mchezo wao, wakaja mbio, na nyuma yao mama zao, na nyuma yao wanaume wa kwenye duka la kona, na ndani ya muda mfupi nilikuwa na umati.

"Mwali, umekuja kuolewa na nani?" mmoja aliuliza.

"Mtoleeni mahari, aproni anayo tayari!"

"Na mayai kwa wakwe? Mama mkwe hali mayai, mjinga wee!"

Walisema kweli; wanawake wa Kiganda wa rika lile hawakula mayai, na kuwapikia mayai ilikuwa sawa na kutangaza kwamba hujafundwa na mtu. Nililijua hilo. Waliponicheka nikajikwaa kwenye ngazi ya gari nikadondosha mwiko, na sikudondosha kwa makusudi, ila sikujuta.

Mama Kizito naye alikuja. Watu wakampisha. Alifika mlangoni akatazama ndani, kabati, kitanda, chini ya kitanda, na safari hii hapakuwa na kitu cha kuinua, jua lilikuwa limeingia mpaka pembeni. Alipomaliza kutazama alikaa kwenye ngazi ya kombi, akanipa mgongo, akatazama barabara. Niliuokota mwiko, nikaupangusa kwenye aproni, nikamimina mafuta, nikachukua yai.

"Bado!"

Sauti ilitoka barazani. Umati ukageuka. Mwalimu Semakula alikuwa amesimama karibu na kiti chake, amenyoa uso wote, fimbo mkononi, na nyuma yake, kwenye kivuli cha mlango, niliona gomesi ya mkewe, kwa mbali inavyopasa.

"Mafuta hayajapata moto," alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu ubaoni. "Mnakimbilia wapi, nyie wasomi? Ngoja."

Nikangoja, yai mkononi, aproni kiunoni, Lungujja yote ikinicheka mimi. Yeye akavuta kiti chake, akakaa.

"Sasa," alisema.

Nikalipasua.